Wastani 54, Naye ni wa Tatu kwa 46?

*Mwalimu, binti yangu anasoma sekondari hapa Busia, Kenya. Katika kikundi cha wanafunzi tisa amepata 46 za hisabati. Wastani ni 54, ila asema amekuwa wa tatu. Ananidanganya? Na binamu yake wa Tororo alifanyiwa sherehe kwa kupata 12 tu katika PLE!*
*Mama, Busia*

Mama, usimgombeze, yote mawili yaweza kuwa kweli. Tuseme alama zao ni 38, 40, 41, 42, 44, 45, 46, 92 na 98. Jumla ni 486. Gawanya kwa tisa, unapata 54. Wale wawili wa juu wameuvuta wastani hadi mahali ambapo hakuna mtoto hata mmoja. Sasa tazama alama ya tano, iliyo katikati: 44. Binti yako ameipita. Mwombe mwalimu wa darasa orodha ya alama bila majina, uhesabu mwenyewe.

Hata hivyo 46 bado ni ndogo. Ikishuka muhula ujao, mwone mwalimu wa hisabati mapema.

Kuhusu Tororo: PLE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi Uganda, ina masomo manne, kila moja hupewa 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Basi 4 ndiyo jumla bora kabisa, 36 ya mwisho. Kijana amefanya vizuri. Huku kwetu Kenya, katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, 12 ni pointi za A, kwa hiyo usizilinganishe.