Maumivu ya Mkono Yaanzayo Shingoni

Mtu akiumwa na mkono huutazama mkono. Huukanda kwa mafuta, huufunga kitambaa, na maumivu yasipopungua hukata tamaa. Kumbe mara nyingine mkono hauna kosa lo lote. Kosa liko shingoni. Somo letu la leo lahusu jinsi daktari aligunduavyo kosa hilo kwa nyundo ndogo ya mpira.

Shingo ya mwanadamu ina pingili 7 za mfupa. Ndani yake umepita ugwe wa fahamu utokao ubongoni, na katika ugwe huo hutoka mishipa ya fahamu jozi 8, kulia na kushoto. Mishipa hiyo hupenya katika vitundu vyembamba kando ya pingili, na baadhi yake hushuka mpaka mikononi. Kati ya pingili na pingili mna gegedu, mfano wa mto mdogo. Gegedu likichomoza, au mfupa ukiota kinundu kwa sababu ya umri, mshipa hubanwa. Ndipo mtu huumwa tangu shingoni hadi vidoleni, hushikwa na ganzi, na pengine mkono hupungua nguvu.

Je, daktari atajuaje ni mshipa upi uliobanwa? Humwambia mgonjwa aulegeze mkono kabisa, kisha hugonga kano, yaani kamba iungayo msuli na mfupa. Kano ikigongwa, msuli huvutwa ghafula. Habari hukimbia mpaka kwenye ugwe na kurudi mara moja, bila kungoja amri ya ubongo, na msuli hushtuka. Njia hiyo ikizuiwa na mshipa uliobanwa, mshtuko huwa mdogo au hauonekani kabisa.

Mahali pagongwapo ni patatu. Kwanza, mbele ya kiwiko, ambapo daktari huweka kidole chake juu ya kano na kukigonga kidole hicho. Hapo hupimwa mshipa wa 5 na wa 6. Pili, juu kidogo ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba; hapo hupimwa hasa mshipa wa 6. Tatu, nyuma ya mkono, juu kidogo ya ncha ya kiwiko. Hapo hupimwa hasa mshipa wa 7, nao ndio ubanwao mara nyingi zaidi.

Sharti mikono yote miwili ilinganishwe, kwa maana wako watu wazima wa afya ambao mishtuko yao ni midogo pande zote. Tuseme mtu ana ganzi katika kidole cha kati, aweza kuukunja mkono lakini hana nguvu ya kusukuma mlango, na nyuma ya kiwiko hicho tu hapana mshtuko. Dalili hizo tatu zikipatana, daktari huushuku mshipa wa 7.

Hata hivyo nyundo peke yake haitoshi. Mshipa waweza kubanwa na mshtuko usibadilike. Kwa hiyo daktari hupima pia nguvu na hisi za ngozi, na ikihitajika huagiza picha. Eksirei huonyesha mifupa. Picha ya MRI huonyesha gegedu, ugwe na mishipa.

Jambo moja lataka hadhari kubwa. Mishtuko ikizidi nguvu badala ya kupungua, yawezekana ugwe wenyewe umebanwa. Mtu aonaye miguu yapepesuka, vidole vyashindwa kufunga vifungo vya shati, au mkojo hauzuiliki, na aende hospitali bila kukawia. Wala asikubali mtu ye yote amnyonge shingo kwa kisingizio cha kuinyosha.

Wengi waliobanwa mshipa hupata nafuu baada ya majuma au miezi, kwa dawa za maumivu na mazoezi, pasipo kupasuliwa. Lakini nguvu za mkono zikizidi kupungua, kungoja ni hasara. Mwambie daktari habari za mkono, wala usisahau kumwambia habari za shingo.