PUNDA WAKO ANALALA WAPI?
Somo la vikundi: kuchagua matandazo ya banda la punda



Mara nyingi tukikutana nanyi tunazungumza juu ya kazi ya punda. Mzigo usizidi, mkokoteni upakwe grisi, kamba zisimchubue, apewe maji kabla ya kuondoka na akirudi. Hayo yote ni mazuri na tuendelee nayo. Lakini kuna swali moja ambalo sisi wenyewe tulisahau kuuliza kwa miaka mingi: jioni kazi ikiisha, huyu punda analala wapi, na analala juu ya nini?

Tuliamshwa na mama mmoja mwanakikundi. Punda wake alikuwa anabeba maji ya kuuzia majirani, na pesa hizo ndizo zilizolipa karo. Wakati wa mvua ndefu punda akaanza kuchechemea. Tulikagua mgongo, tukakagua kamba, tukaangalia mkokoteni. Kila kitu sawa. Basi tukamwambia, "Mama, huyu amechoka tu. Mpumzishe siku mbili tatu." Hilo lilikuwa kosa letu. Daktari wa mifugo alipokuja aliinua mguu, na sote tukaona kwato imeoza upande wa chini, ina usaha na inanuka. Kisha akaomba aonyeshwe mahali punda anapofungwa usiku. Palikuwa nyuma ya nyumba, tope na mkojo mpaka kwenye kifundo. Kumbe tulikuwa tumempumzisha mahali pale pale palipomwumiza! Punda hakufanya kazi kwa majuma mengi. Mama alikodi punda wa jirani, na faida yote ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukifundisha juu ya matandazo. Tukisema matandazo hatuna maana ya tandiko la mgongoni. Tuna maana ya kile kinachotandazwa chini ndani ya banda, kama vile tunavyofanya kwa kuku.

KWA NINI PUNDA ALALE PAKAVU?

Wengine watacheka: "Kwani punda ni mgeni atandikiwe kitanda?" Tuangalie sababu nne.

Kwanza, asili yake. Punda wetu wa kufugwa alitokana na punda-mwitu wa kaskazini-mashariki mwa Afrika, nchi kavu yenye mawe. Kwato zake ni za nchi hiyo. Zikikaa kwenye maji na mkojo zinanyonya unyevu, zinalainika, na viini vya kuoza vinaingia. Hata manyoya yake hayazuii mvua vizuri kama ya farasi.

Pili, usingizi. Punda anaweza kusinzia akiwa amesimama, lakini usingizi mzito anaupata akilala chini. Mahali pakiwa pa maji au pagumu sana, hatalala. Asubuhi unamfunga mkokoteni akiwa hajapumzika, halafu unasema ni mvivu.

Tatu, mapafu. Mkojo ukikaa bila kuondolewa hutoa gesi ya amonia, ile harufu inayochoma macho. Vumbi na ukungu wa nyasi mbaya pia huleta kikohozi. Punda anayekohoa hawezi kupanda mlima na mzigo.

Nne, mfuko wako. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 katika Kenya. Sensa ya 2019 ilikuta kama milioni 1.2 tu. Vichinjio vya punda vilivyofunguliwa kuanzia mwaka 2016 kwa ajili ya biashara ya ngozi vilichangia sana upungufu huo, pamoja na wizi. Mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Lakini waliokwisha hawarudi. Kwa hiyo mwenye punda leo amtunze huyo huyo, maana kumpata mwingine si rahisi.

ANZA NA SAKAFU

Matandazo mazuri juu ya sakafu mbaya ni kazi bure. Chagua mahali palipoinuka. Jaza murram, ishindilie vizuri, na uipe mteremko kidogo ili mkojo utoke wenyewe kwenda kwenye mfereji. Chimba mfereji mwingine upande wa juu uzuie maji ya mvua yasiingie bandani. Paa lisivuje. Upande unaotoka upepo uzibwe, lakini acha nafasi juu ya ukuta ili hewa ipite. Chumba cha mita 3 kwa mita 3 kinatosha punda wawili wanaojuana, na usiwatenge, kwani punda hupenda mwenzake. Kama una sakafu ya simiti, ni rahisi kuosha, lakini ni ngumu na baridi. Hapo matandazo yawe mengi zaidi.

MATANDAZO GANI?

Jiulize maswali manne. Je, yananyonya maji? Je, hayana vumbi na ukungu? Punda akiyala, yatamdhuru? Je, yanapatikana karibu na kwa bei tunayoiweza? Usisahau lile swali la tatu. Punda ataonja karibu kila kitu utakachomtandazia.

Mabua ya ngano au shayiri. Ukiwa upande wa Narok, Njoro, Timau au Uasin Gishu, haya ndiyo ya kwanza kufikiria baada ya mavuno. Yana joto, ni laini, na punda akiyatafuna hayamdhuru, mradi awe na meno mazuri na maji ya kunywa. Kwa kweli ni chakula kinachomfaa. Ubaya wake ni kwamba hayanyonyi maji mengi, na kwa kuwa atayala, itabidi uongeze mara kwa mara. Nyasi kavu zilizokomaa zinafanya kazi hiyo hiyo.

Maranda na vumbi la mbao. Maranda ya fundi seremala ni mazuri sana: yananyonya, na punda hayapendi kuyala. Vumbi la mbao linanyonya zaidi lakini lile laini kabisa linaingia puani, kwa hiyo chukua la chembe kubwa. Hapa tuna maonyo mawili. Usichukue vumbi la nguzo zilizotiwa dawa, zile za rangi ya kijani za ua na za stima, kwa sababu dawa hiyo ni sumu. Na upekue gunia zima kutafuta misumari. Punda na farasi hushikwa na pepopunda kwa urahisi kuliko wanyama wengi, na kidonda cha msumari kwenye kwato ni mlango wa ugonjwa huo. Muulizeni daktari wa mifugo juu ya chanjo.

Mabua ya mahindi. Haya kila mtu anayo, na ndiyo maana tunayazungumzia kwa makini. Yakiwa makavu na safi, yakatekate vipande vifupi, maana bua zima ni gumu na halinyonyi. Lakini yaliyonyeshewa yakaota ukungu, usiyaingize bandani hata kidogo, wala magunzi, wala mahindi yaliyooza. Ukungu wa mahindi una sumu inayoharibu ubongo wa punda na farasi. Mnyama huanza kuyumba, kuzunguka ovyo, kugonga ukuta kwa kichwa, na mara nyingi hufa. Ng'ombe anaweza kula mahindi hayo usione kitu, halafu punda akafa. Msilinganishe.

Maganda ya mpunga. Wenzetu wa Mwea wanayo tele. Hayanyonyi sana na yana vumbi, lakini yakiwekwa chini na nyasi kavu juu yake yanasaidia maji kupita. Nyasi za mpunga zenyewe ni bora zaidi zikikaushwa vizuri.

Makapi ya miwa. Yananyonya vizuri yakiwa makavu. Yakilowa huchacha na kuota ukungu upesi, basi yageuzwe juani kwanza na yasikae bandani muda mrefu.

Maganda ya kahawa. Tunawashauri muyaache. Yana kafeini, na huko Brazili farasi waliotandaziwa maganda hayo waliyala wakapata sumu, wakawa wanatetemeka bila kutulia. Yapelekeni shambani.

Mchanga. Maji yanapita upesi na ni laini kulalia. Lakini punda asilishwe juu yake. Akiokota chakula mchangani anameza mchanga, unakaa tumboni na kumletea maumivu makali. Mwekee chakula kwenye hori.

Majani ya kufagia vichakani. Usikusanye ovyo. Lantana, ule mmea wa ua wenye maua ya rangi mbili tatu, ni sumu kwa mifugo.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Hauhitaji mashine. Chukua konzi moja ukaitikise kwenye mwanga wa jua. Ukiona wingu la vumbi, acha. Inuse. Ikinuka kama chumba kilichofungwa miezi, kuna ukungu. Ifinye. Ikiacha unyevu mkononi, haijakauka. Halafu ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, maana muuzaji huweka mazuri juu.

KAZI YA KILA SIKU

Tandaza kina cha sentimita 10 hadi 15, kama urefu wa kiganja, na uongeze kandokando ya ukuta. Kila asubuhi toa mavi na sehemu zilizolowa, acha mahali pakauke mchana punda akiwa kazini, kisha rudisha makavu na uongeze kidogo jioni. Mara moja kwa juma toa yote, fagia, na uache jua liingie. Kazi hii ya asubuhi haizidi dakika kumi na tano. Hata mtoto anaweza kusaidia, mradi anawe mikono.

Kujua kama kazi imefanyika, fanya mambo mawili. Piga magoti juu ya matandazo kwa dakika moja; nguo ikilowa, badilisha. Kisha chuchumaa, pua yako iwe pale punda anapoweka pua yake akilala. Macho yakiwasha, badilisha. Ukinusa ukiwa umesimama mlangoni hutajua kitu.

Kila jioni inua miguu yote minne, safisha kwato, na uangalie ile sehemu laini ya katikati. Ikiwa nyeusi, inachubuka na kunuka, usingoje kama sisi tulivyongoja. Mwite daktari au mhudumu wa mifugo.

MATANDAZO YALIYOTUMIKA NI MALI

Usiyatupe barabarani. Yarundike mbali kidogo na banda, yanyunyizie maji kiangazi, yafunike kwa majani ya migomba, na uyageuze kila baada ya majuma mawili matatu. Yakiwa meusi na hayanuki tena, ni mbolea. Yenye vumbi la mbao yachukua muda mrefu zaidi. Ukiyamwaga shambani mabichi, mahindi yatageuka manjano kwa sababu mbao inayooza hunyang'anya udongo naitrojeni. Ngoja yaive.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mtu mmoja kununua gunia moja moja ni ghali. Kikundi chenye punda kumi kinaweza kukodi pikapu moja na kuleta maranda au mabua ya msimu mzima. Katibu aandike: bei ya gunia, gunia moja linakaa siku ngapi, na nauli. Gawanya jumla ya gharama kwa siku zote, kisha kwa idadi ya punda. Utapata gharama ya punda mmoja kwa usiku mmoja. Sasa iweke kando ya pesa anazoleta kwa siku moja ya kazi, na kando ya gharama ya siku moja akiwa mgonjwa. Msitupe jibu sisi, lipeni nyinyi wenyewe kwa hesabu zenu.

Na mweke akiba ghalani, juu ya mbao zisiguse ardhi. Matandazo hununuliwa wakati wa kiangazi. Ukingoja mvua, yote ni ghali na yote yamelowa.

Yule mama aliyetufundisha sasa ana banda la nguzo nne na mabati machache, sakafu ya murram, na maranda kutoka kwa fundi wa sokoni ambaye alikuwa akiyachoma moto. Analipa kwa kumchotea fundi maji. Mvua ndefu iliyofuata punda wake hakuchechemea.

MASWALI YA KUJADILI

1. Wangapi kati yetu wameona, kwa macho, mahali punda wao alipolala jana usiku?
2. Katika eneo letu, ni matandazo gani yanatupwa au kuchomwa ambayo tungeweza kuyatumia?
3. Ni yapi tunayotumia sasa ambayo ni hatari? Tutaacha lini?
4. Nani ataandika hesabu ya gharama kabla ya mkutano ujao?

Kabla ya mkutano huo, kila mmoja apige magoti bandani mwake asubuhi moja. Aje atuambie kama nguo ililowa.