SOMO LA NYUMBANI: NYANYA ZIKIZIDI, TUFANYE NINI?

Mwezi huu somo letu tutalifanyia shambani na jikoni. Mtanisamehe.

Ukipita njia inayotoka sokoni asubuhi ya mwezi Januari, utaona jambo linalouma moyo. Nyanya zimemwagwa kando ya mtaro, nyingine bado nzima, na mbuzi wanazikanyaga. Mwenyewe alizibeba kichwani akitumaini kuuza, jioni akakosa mnunuzi, akaona kuzirudisha nyumbani ni mzigo bure. Mwezi wa Aprili mtu yule yule anatuma mtoto dukani kukopa nyanya tatu.

Sababu twaijua sote. Hapa Nakivale wengi wetu tunapanda mvua za Septemba zikishaanza, kwa hiyo tunavuna pamoja, na wachuuzi wanaotoka Mbarara wanalifahamu hilo kuliko sisi. Wanakaa, wanangoja. Wanajua kwamba nyanya iliyoiva haiwezi kungoja nao. Bei ya sanduku inashuka nusu, kisha nusu ya nusu, na mkulima anauza kwa hofu.

Zamani tungesema, basi, mgao upo. Lakini Aprili 2020 mgao ulikatwa kwa asilimia 30, Februari 2021 ukakatwa hadi kufika asilimia 60 ya kawaida, na mwaka 2023 familia zikapangwa kwa makundi, nyingine zikaondolewa kabisa. Familia iliyoondolewa haina nyanya za kumwaga. Wakristo tunasoma Yohana sura ya 6, pale Bwana alipolisha watu wengi, kisha akaagiza mabaki yakusanywe, vikajaa vikapu kumi na viwili. Tunahubiri sana juu ya ule muujiza, na juu ya vile vikapu tunapita haraka.

(Kuna ndugu aliniuliza kama nyanya imo katika Biblia. Haimo. Asili yake ni Amerika, na watu wa Ulaya waliijua baada ya 1492. Hata jina tomate, tulilolizoea kule Uvira na Fizi, lilitoka kwa Waazteki wa Mexico. Nayo ilihama ikafika mbali, ikazaa ugenini.)

Kuzifanya zingoje

Kabla ya kufikiri juu ya kuhifadhi kwa miezi, jifunze kupata siku chache za kumngoja mchuuzi. Usisubiri nyanya iwe nyekundu yote mtini. Ichume inapoanza kubadilika rangi kwenye kitako, itaivia ndani ya nyumba. Chuma asubuhi umande ukishakauka. Zipange safu moja kivulini, kikonyo kikiangalia chini, wala usizioshe mpaka siku ya kuzitumia, maana maji huharakisha kuoza. Iliyopasuka ikae mbali na wenzake. Na ndizi mbivu usiiweke karibu, kwa kuwa hewa inayotoka kwenye ndizi huivisha nyanya upesi. Ukitaka za kijani ziive haraka, hapo ndipo uiweke.

Tena kuna chungu ndani ya chungu. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alitengeneza jambo hili kwa ajili ya wakulima wasio na umeme, akapewa tuzo ya Rolex mwaka 2000. Unachukua chungu kikubwa cha udongo, unaweka kidogo ndani yake, katikati unajaza mchanga, kisha unaumwagia mchanga maji asubuhi na jioni. Nyanya zinakaa kwenye chungu cha ndani, juu unafunika kitambaa kibichi. Maji yanapokauka kupitia udongo yanaondoka na joto. Katika majaribio yake nyanya zilikaa wiki tatu. Lakini ni lazima hewa iwe kavu na chungu kikae kivulini penye upepo. Wakati wa mvua hakisaidii sana.

Kukausha

Hii ndiyo njia ninayowashauri kuliko zote, na nitaieleza polepole.

Nyanya karibu yote ni maji, kama asilimia 94. Yaondoe maji hayo, na vijidudu vya kuozesha vitakosa pa kuishi. Beseni la kilo 20 litakupa kilo moja hivi, au zaidi kidogo, ya nyanya kavu. Msivunjike moyo mkiona imebaki kidogo. Nguvu na ladha ya chakula bado imo, ingawa jua linapunguza baadhi ya vitamini. Na tazameni jinsi Mungu alivyopanga majira: mavuno yetu makubwa yanakuja Januari na Julai, wakati jua lipo na mvua hazipo.

Chagua nyanya zilizoiva lakini bado ngumu. Iliyooza usiikate ukatumia upande mmoja, mpe kuku. Nawa mikono kwa sabuni, osha nyanya kwa maji safi, futa. Kata vipande vyenye unene wa kidole kidogo, au nusu mbili kama ni ndogo. Mbegu ukizitoa, kukauka kutakuwa kwepesi. Nyunyizia chumvi kidogo upande uliokatwa. Chumvi inavuta maji nje na inawafukuza nzi kiasi.

Panga vipande kwenye ungo au mkeka safi, visigusane. Ungo usikae chini. Jenga kitanda cha fito kufika kiunoni, ili upepo upite chini na juu, na kuku wasifike. Funika kwa kitambaa chepesi.

Hapa nisikilizeni vizuri, akina mama na akina baba. Msifunike kwa chandarua cha mbu tulichogawiwa. Nimekiona kwenye nyua zaidi ya mbili. Vyandarua hivyo vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haifai kukaa juu ya chakula cha watoto. Tena chandarua kikiwa juu ya nyanya, usiku mtoto analala bila kinga, na malaria hatuiiti kwa barua.

Geuza vipande mara mbili kwa siku. Jioni ingiza ndani, umande usirudishe maji uliyoyatoa. Kwa jua la Januari siku tatu hadi tano zinatosha. Kukiwa na mawingu, ongeza. Utajua zimekauka zikiwa kama ngozi ya kiatu: unakunja, hazivunjiki upesi, na ukibana kwa vidole hakuna unyevu. Kukiwa na kipande chenye kuvu, kitupe pamoja na vilivyokigusa. Msikwangue kuvu mkala.

Watu wengi wanaharibu kazi yao mwishoni. Wanatia nyanya ndani ya ndoo zikiwa bado na joto la jua. Acha zipoe kwanza. Kisha zitie kwenye chombo cha kioo chenye kifuniko, uzitikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona matone ndani ya kioo, zirudishe juani. Zikipita wiki hiyo salama, funga vizuri, weka mahali pakavu pasipo mwanga. Mimi nyumbani kwangu zimefika miezi sita, na hazikuisha kwa kuoza, ziliisha kwa kuliwa.

Siku ya kupika, loweka mkono mmoja wa nyanya katika maji ya moto nusu saa, na maji yale usiyamwage. Au zitwange kwenye kinu mpaka ziwe unga, utie kijiko kwenye maharagwe, kwenye ndagala, hata kwenye sombe. Punguza chumvi ya kawaida, kwa kuwa nyanya zenyewe zina chumvi.

Habari ya chupa

Sasa niwaambie kosa langu mwenyewe. Mwaka wetu wa kwanza wa mavuno mazuri, mimi na mama watoto tuliponda nyanya, tukachemsha, tukajaza chupa kumi na moja za kioo zilizokuwa na siagi ya karanga. Tukafunga kwa nguvu, tukapanga chini ya kitanda, nikamshukuru Mungu. Baada ya wiki mbili vifuniko vinne vilikuwa vimevimba. Moja ilipofunguliwa ikatoa povu. Jirani mmoja, mama mwenye watoto sita, akaniomba: “Mchungaji, usitupe, nitachemsha tena.” Sikuweza kumwangalia usoni. Nilizimwaga zote kumi na moja chooni, pamoja na zile saba zilizoonekana nzima, na siku hiyo nilionekana mtu mgumu.

Nilifanya sawa kuzimwaga. Ndani ya chupa iliyofungwa bila hewa kinaweza kukua kijidudu kinachotoa sumu ya ugonjwa uitwao botulizimu. Sumu hii inaweza kukosa harufu na kukosa rangi, na kiasi kidogo sana kinaua. Mgonjwa huanza kuona vitu viwili viwili, kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunashindikana, kisha pumzi. Ukiona dalili hizo kwa mtu aliyekula chakula cha chupa au mkebe, usingoje asubuhi wala usikae kuomba nyumbani kwanza. Mpeleke kituo cha afya huku mkiomba njiani.

Uchachu ndio unaokizuia kijidudu hiki. Nyanya ina uchachu, lakini uko mpakani, na nyanya zilizoiva kupita kiasi zina uchachu mdogo. Kwa hiyo wanaojua kazi hii huongeza vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau ya dukani kwa kila chupa ya lita moja, maana limau la mtini hujui uchachu wake. Wanatumia chupa na vifuniko vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nyanya zinapondwa na kuchemshwa kwanza, chupa zinajazwa, kisha zinazamishwa kwenye maji yanayochemka. Hapa kwetu, tulio zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo chupa ya lita inahitaji dakika 55.

Hesabuni kuni za dakika 55, juu ya zile za kuchemsha kwanza. Hesabuni pia ni nani anayezitafuta kuni hizo, na ni mbali kiasi gani, na ni hatari gani binti zetu wanakutana nazo huko. Mwenye vyombo na makaa ya kutosha afanye. Mimi sikurudia. Jua halituombi kuni.

Rojo la nyanya la kula leo na kesho, hilo pikeni bila hofu, lakini lisifungwe kwenye chupa likawekwa.

Mbegu unazozitoa usizitupe zote. Chagua za tunda zuri la mti usiougua, ziache ndani ya kikombe chenye maji siku mbili au tatu mpaka ule utelezi uachie, suuza, kausha kivulini. Ila kama ulipanda mbegu chotara za dukani, usitegemee watoto wafanane na mama.

Jumamosi ya kwanza ya Januari, saa mbili asubuhi, tutakausha pamoja nyuma ya kanisa. Kila nyumba ije na beseni moja la nyanya, kisu chenye makali, ungo na kitambaa chepesi. Vijana watajenga vitanda vya fito siku ya Ijumaa. Asiye na shamba aje na mikono yake, naye atapewa fungu zikishakauka. Watoto wa shule ya Jumapili watafukuza mbuzi. Mvua ikinyesha tutaahirisha hadi Jumamosi inayofuata.