Ahmedabad kwa Siku Moja na Usiku Wake

Likizo ikifika, wanafunzi wetu wengi walioko India hukimbilia Delhi na Mumbai. Nawashauri muanze na Ahmedabad, jimboni Gujarat. Jimbo hilo ndiko zilikotoka familia nyingi za Kihindi zilizofungua maduka Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, na mtu aliyezoea Kariakoo hajisikii mgeni sana pale. Tega sikio dukani, utadaka maneno yanayofanana na yetu: laki, gari, pesa.

Nendeni kati ya Novemba na Februari. Mwezi Mei joto hupita nyuzi 40, na kundi lililochoka halioni kitu. Kama shida yenu ni manunuzi, epukeni tarehe 14 Januari, sikukuu ya Uttarayan, kwa kuwa mji mzima hupanda mapaani kurusha vishada.

Asubuhi iwe ya mji mkongwe, tena kwa miguu. Sultani Ahmad Shah aliuanzisha mwaka 1411, na mwaka 2017 ukawa mji wa kwanza wa India kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Halmashauri ya jiji huwa na matembezi ya asubuhi yenye kiongozi, kutoka hekalu la Swaminarayan, mtaa wa Kalupur, hadi Msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1424. Njiani mtapenya kwenye pol, yaani vichochoro vya ujirani vyenye lango lake, nyumba za mbao zilizochongwa, na nguzo ndefu yenye kibanda juu ambako wakazi huwawekea ndege nafaka. Watu wanaishi humo, kwa hiyo msipige picha za barazani kwa mtu bila kuomba.

Mkiwa na nafasi ya kuona sehemu moja tu, uwe Msikiti wa Sidi Saiyyed, karibu na Lal Darwaza. Ni msikiti mdogo, ulijengwa mwaka 1573, na aliyeujenga alikuwa mtu wa asili ya Uhabeshi, mmoja wa Waafrika walioitwa Wasidi ambao wengine wao walipanda vyeo katika utawala wa Gujarat. Nendeni alasiri. Ukuta wa magharibi una madirisha ya jiwe lililotobolewa, na jua likishuka mwanga hupenya kwenye mti uliochongwa, matawi yake yamesukana kama ukili. Sogea karibu utazame jani moja moja: ni jiwe, lakini jembamba mno hadi unaogopa kuligusa. Najua wanafunzi waliopita hapo kila siku wakielekea sokoni bila kujua kwamba ni kazi ya Mwafrika, na hilo linaniuma. Vueni viatu, dada zetu wajitande, na muulize kwanza wanawake wanaruhusiwa kufika wapi.

Makazi ya Gandhi kando ya mto Sabarmati hayana kiingilio. Ndiko alikoondokea tarehe 12 Machi 1930 kwenda Dandi kupinga kodi ya chumvi. Saa moja inatosha.

Sasa manunuzi. Vitambaa vipo Dhalgarwad na kuzunguka Rani no Hajiro, makaburi ya malkia yaliyozingirwa na soko. Tafuteni bandhani, kitambaa kinachofungwa uzi kidogo kidogo kabla ya kutiwa rangi, kila fundo likaacha doa. Muuzaji mzuri atakutolea ambacho bado kimefungwa. Atakishika pembe mbili, avute ghafla, nyuzi ziruke zikilia kama mbegu za ufuta kikaangoni, na kitambaa kibaki na vikunjo vidogo vidogo. Kikiwa laini kabisa na madoa yamepangika sawasawa mno, kimechapwa kiwandani, basi msikilipie bei ya mkono. Kitambaa cha patola msikiguse kwa posho ya mwanafunzi. Sari moja ya patola hufumwa kwa miezi kadhaa.

Mwite muuzaji mwanamume *bhai*, yaani kaka, na mwanamke *ben*, yaani dada. Uliza “Ketla?”, bei gani, halafu patana taratibu. Muwe wawili au watatu dukani, kwa maana kundi la watu kumi likiingia pamoja, bei haishuki. Asiye na akaunti ya benki ya India abebe noti ndogo ndogo, kwani wengi huko hulipana kwa simu. Kila mtu awe na nakala ya pasipoti na viza.

Jioni mfike Manek Chowk. Mchana pale ni soko la sonara, na usiku mabanda ya chakula hujaa. Vyakula vingi havina nyama. Wala nyama waende kichochoro cha Bhatiyar Gali, karibu na Teen Darwaza. Pombe imepigwa marufuku Gujarat tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1960, na mgeni huhitaji kibali, kwa hiyo msijaribu ujanja.

Bajaji moja huchukua abiria watatu, na dereva awashe mita. Safari yetu ya kwanza tulipanda kwa vurugu, tukamwacha mwenzetu akila peke yake, simu imezima. Pangeni watatu watatu tangu asubuhi, na kabla ya kuondoka Manek Chowk, hesabuni watu.