Dondoo muhimu: Jaribu kibanio kabla ya kufungua springi

Katika kata ya Rahaleo, kama kwingine Mtwara mjini, hewa ya chumvi hula chuma upesi. Kibanio cha springi kilicholala stoo tangu masika kinaweza kuwa na kutu ndani ya nyuzi za boliti, mahali ambapo macho hayafiki haraka. Na kazi yake si ndogo: springi ya mbele ya gari kama Toyota IST, ikibanwa sentimita 10 tu, inaweza kusukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 200 au zaidi. Ikichomoka, huvunja mifupa.

Fundi wa nyumbani ajaribu kibanio kwanza kwenye springi chakavu, isiyo na shokapu. Asugue boliti kwa brashi ya waya, apake grisi, kisha azungushe nati kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Ikikwama au kuyumba, kifaa hicho hakifai. Ndoano yenye ufa haichomelewi, inatupwa.

Vibanio viwili vikae pande zinazotazamana za springi hiyo. Achore alama ya rangi pale ndoano zinaposhika springi, kisha abane kwa spana ya mkono, mizunguko michache upande huu, michache ule, bila kusimama mbele ya ncha za springi. Mashine ya kufungulia nati za tairi isitumike kabisa: inakula nyuzi. Akishabana kiasi, asogee mbali, aache dakika chache, kisha atazame. Alama ikihama au boliti ikipinda, alegeze taratibu na kukiacha kifaa hicho.

Kwenye shokapu halisi, nati ya juu haiguswi hadi springi itakapoanza kucheza kwenye vikalio vyake.