Steringi Naye Hufanya Mazoezi

Rafiki msomaji wa Kilimarondo, umewahi kutoka kwenye kibanda cha video ukajiona wewe ndiye steringi? Njia nzima mateke, na mkorosho wa jirani unageuka ghorofa la kurukia! Tulia kwanza, umsikie steringi wa kweli.

Bruce U ni mwalimu wa kung fu wa Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato kidogo jijini Kampala, Uganda. Huko Isaac Nabwana alianzisha kampuni ya filamu mwaka 2005. Mwaka 2010 ilitoka Who Killed Captain Alex?, ambamo Bruce U anamsaka muuaji wa kaka yake. Inasemekana filamu hiyo iligharimu chini ya dola 200. Hela hamna, lakini mazoezi yapo: teke unaloliona limerudiwa mara nyingi, na anayepigwa anajua linatokea wapi.

Na damu je? Mwanzoni walitumia damu ya mnyama. Mwigizaji mmoja akaugua, wakaiacha, wakahamia rangi ya chakula. Walifanya vizuri, maana damu mbichi, kama maziwa yasiyochemshwa, inaweza kubeba bruselosisi, ugonjwa wa homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo. Hiyo rangi hutiwa ndani ya kondomu, kisha hupasuliwa kwa kuvuta uzi wa kuvulia samaki. (Kondomu ya namna hiyo kazi yake imeishia kwenye filamu!)

Unapenda ngumi? Safi, ni mchezo mzuri kwa afya. Ila zingatia haya:

1. Tafuta mwalimu. Jifunze kuanguka kabla ya kujifunza kuruka.
2. Pasha mwili joto, na fanyia mazoezi kwenye mchanga au nyasi.
3. Mwenzako akianguka vibaya, usimnyanyue kichwa wala kumgeuza shingo. Ita mtu mzima haraka.
4. Aliyegonga kichwa akatapika, akachanganyikiwa, akasinzia ovyo au akatokwa maji au damu sikioni, awahishwe hospitali. Usiseme "atalala apone".

Kuogopa kuchekwa kumewaumiza vijana wengi. Kukataa kuruka si woga, ni akili.

Jadili na wenzako: Rafiki yako anakwambia, "Ruka, au wewe mwoga?" Utamjibuje?