Okidi Chui Hainyonyi Mti

Kwenye mashamba ya pwani ya Afrika Mashariki kuna mmea unaohukumiwa bila kusikilizwa. Unakaa juu ya mwembe au mkoma, kichaka kizima kimeng'ang'ania kwenye panda la matawi, na mwenye shamba akiuona humpandisha kijana mwenye panga. Eti unanyonya mti. Mmea huo ni okidi chui, kwa jina la kisayansi Ansellia africana, na tuhuma hiyo haina msingi.

Kimelea halisi huingiza mizizi yake ndani ya mti na kufyonza maji na chakula. Mizizi ya okidi chui hushika gome kwa nje tu. Maji yake ni ya mvua na umande. Madini huyapata kwenye vumbi, majani yaliyooza na vinyesi vya ndege, na chakula hujitengenezea kwa majani yake ya kijani kama mimea mingine. Mti kwake ni mahali pa kukaa, basi. Kama kuna hasara ya kuhesabu, ni uzito: kichaka cha miaka mingi kinaweza kulielemea tawi ambalo tayari ni bovu.

Mizizi hiyo yafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo siri ya mmea kuishi juu bila udongo. Iko ya aina mbili. Ya kwanza ni ile inayotambaa juu ya gome na kulishika. Imefunikwa na tabaka la seli zilizokufa, laini kama sifongo, linalofyonza maji mara tu mvua inapogusa mti. Ukikauka, mzizi huonekana mweupe wenye kung'aa; ukilowa, weupe hufifia na ukijani wa ndani hujitokeza. Mvua ya dakika chache, ambayo ardhini isingefika hata kwenye mzizi wa mchicha, huku juu haipotei bure.

Aina ya pili ni ya ajabu zaidi. Ni mizizi myembamba, myeupe, iliyochongoka nchani, nayo haishuki chini: husimama wima kuelekea angani na kukizunguka kichaka chote mfano wa kikapu. Majani yanayopukutika kutoka matawi ya juu hunaswa humo, huoza polepole, na kuwa mboji. Kwa maneno mengine, okidi hii hujikusanyia shamba lake yenyewe. Anayetia mkono humo bila hadhari atachomwa, tena si ajabu akakuta chungu wamekwisha kujenga.

Juu ya kikapu hicho husimama mashina manene yenye pingili, ya rangi ya kijani kuelekea manjano, ambayo mara nyingi hufikia sentimita 60. Hayo ndiyo maghala ya maji na chakula kwa ajili ya kiangazi. Majani, magumu kama ngozi, huota karibu na ncha. Shuke la maua hutokea kwenye ncha hiyo hiyo, likagawanyika matawi, na linaweza kubeba maua kadhaa. Kila ua ni la manjano lenye mabaka ya kahawia, na hapo ndipo chui anapoingia kwenye jina.

Mabaka hayo yamewahi kuwasumbua wataalamu. Mimea mingine ina madoa machache tu, mingine karibu ua zima ni la kahawia, na mingine ni ya manjano tupu. Katika karne ya 19 tofauti hizi ziliwafanya wanabotania waigawe katika spishi kadhaa, zikiwemo Ansellia gigantea na Ansellia nilotica. Leo zote huhesabiwa kuwa spishi moja, tena ndiyo pekee katika jenasi yake. Inapatikana kuanzia Afrika Magharibi hadi Kenya na Tanzania, ikashuka mpaka KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini.

Jina la jenasi linamkumbuka John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyekuwa katika msafara wa Mto Niger mwaka 1841. Msafara huo uliteketezwa na homa; hata mwanabotania wake, Theodor Vogel, alifia katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho sasa huitwa Bioko. Ni katika kisiwa hicho Ansell alipoipata okidi hii, na John Lindley akaitangaza kwa wanasayansi mwaka 1844. Bila shaka wakazi wa misitu ya Afrika walikuwa wameiona zamani sana kabla ya hapo.

Sasa tuje kwenye mbegu, mahali ambapo maisha ya okidi huwa magumu. Chavua ya okidi haipeperuki kama unga. Imefungwa katika vifurushi vidogo vinavyomnata mdudu mgongoni au kichwani, naye huvipeleka ua jingine. Kifurushi kimoja kikifika, tunda zima linaweza kujaa mbegu zisizo na idadi, ndogo kama vumbi, zinazobebwa na upepo. Lakini mbegu hizo hazina akiba ya chakula. Punje ya mahindi husafiri na masurufu yake. Mbegu ya okidi huondoka mikono mitupu. Ili iote, lazima ikutane na kuvu wa aina inayoifaa, ambaye huingia ndani yake na kuilisha mpaka itoe majani. Mfaransa Noël Bernard aligundua uhusiano huu mwaka 1899. Mbegu nyingi mno hazimpati kuvu huyo, nazo hupotea.

Hata iliyobahatika huhitaji gome la kuishikilia. Gome laini au linalobambuka halifai. Gome lenye mipasuko, la mti uliokwisha kukomaa, ndilo hutunza unyevu na kuvu. Kwa hiyo okidi kubwa ni ushahidi wa mti mkongwe, na nyingine kufikia ukubwa ule huchukua miaka mingi. Mti ukiangushwa kwa ajili ya mkaa, huanguka na wapangaji wake wote.

Hatari ya pili, baada ya ukataji huo, ni biashara. Vichaka vizima hung'olewa msituni na kuuzwa kwa wapenda bustani, na vingi hufa baada ya muda kwa kumwagiliwa kupita kiasi au kuzikwa kwenye udongo. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, IUCN, limeiweka okidi chui katika kundi la spishi zilizo hatarini. Aidha, familia nzima ya okidi iko chini ya CITES, mkataba wa mwaka 1973 kuhusu biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini, hivyo kuvusha mmea wa porini mpakani bila kibali ni kosa.

Wala hakuna ulazima wa kuiba msituni. Tangu Mmarekani Lewis Knudson alipoonyesha mwaka 1922 kwamba mbegu za okidi zinaweza kuoteshwa maabarani kwenye lishe yenye sukari, bila kuvu, tunda moja linaweza kuzaa miche mingi ya kuuza.

Kwa hiyo, mkulima, okidi iliyo juu ya mwembe wako iache. Haikupunguzii embe hata moja. Mnunuzi, muulize muuzaji mmea umeoteshwa wapi, na kichaka kikubwa chenye vipande vya gome mizizini usikinunue. Na ukikuta mti wenye okidi umeangushwa, zungumza na kamati ya maliasili ya kijiji au ofisi ya misitu iliyo karibu, ili kichaka kifungwe kwa kamba kwenye mti mwingine wenye gome la kukwaruza, upande wenye kivuli kidogo, kabla mizizi haijakauka.